Nanotyubu na Vichunguzi vya Fluoresensi katika Upimaji wa Zebaki Mwilini: Mahitaji ya Ukanda wa Dhahabu wa Geita na Shinyanga

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna nanotyubu za kaboni na vichunguzi vya fluoresensi vinavyoweza kutumika kupima zebaki katika mkojo wa wachimbaji wadogo wa dhahabu, na yanabainisha masharti ambayo kipimo cha aina hiyo lazima kiyatimize kabla ya kuaminiwa katika mikoa ya Geita na Shinyanga. Hoja kuu ni kwamba ubora wa kichunguzi haupimwi kwa namna kinavyong'aa katika maji safi ya maabara, bali kwa uwezo wake wa kutenganisha mtu aliyeathirika na asiyeathirika katika sampuli halisi yenye chumvi, protini, joto na metali nyingine. Makala yanafafanua safari ya zebaki mwilini, kanuni za fluoresensi, tabia za nanotyubu, hesabu ya kikomo cha utambuzi, vikwazo vya sampuli na suala la usalama. Inahitimishwa kwamba matumizi yanayofaa kwa sasa ni uchunguzi wa awali unaofanyika nje ya mwili, ukifuatiwa na uthibitisho wa maabara ya rejea.

1.0 Utangulizi

Miamba ya kale iliyo kusini mwa Ziwa Victoria ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya dhahabu ya Tanzania. Katika ukanda huu kuna migodi mikubwa kama vile Geita, ulioanza uzalishaji wa kisasa mwaka 2000, na Bulyanhulu, uliofuata mwaka 2001. Kandokando ya migodi hiyo, katika maeneo kama Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na vitongoji vya Kahama, maelfu ya wachimbaji wadogo huendesha maisha yao kwa maduara, makarasha na mialo. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa rasmi mwaka 2012, na kabla ya hapo maeneo yake yalikuwa chini ya mikoa jirani, Shinyanga ikiwa mmojawapo. Kwa sababu hiyo, historia ya uchimbaji na ya afya katika mikoa hii miwili haitenganishiki kirahisi.

Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukusanya chembe za dhahabu. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa mwaloni, kisha zebaki huchanganywa na mchanga mzito uliobaki. Zebaki huzishika chembe za dhahabu na kufanya donge liitwalo amalgamu, ambalo takribani nusu ya uzito wake huwa ni zebaki. Donge hilo huchomwa juu ya makaa ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Zebaki huchemka katika nyuzi joto 357 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida. Mvuke unaotoka hauna rangi wala harufu. Anayeuvuta hana kitu cha kumwonya.

Tatizo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Rwamagasa ilikuwa miongoni mwa vituo vya Mradi wa Kimataifa wa Zebaki uliosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, ambao ulihusisha nchi sita, Tanzania ikiwemo. Matokeo ya uchunguzi wa afya uliofanyika katika kituo hicho, yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliwalinganisha wakazi wa Rwamagasa na wakazi wa Katoro wasiofanya kazi ya zebaki. Viwango vya zebaki katika mkojo, damu na nywele vilikuwa juu zaidi Rwamagasa, na waliovuka vizingiti vya sumu walikuwa wachomaji wa amalgamu. Uchambuzi wa nywele ulionyesha kwamba chanzo kikuu cha mzigo huo kilikuwa mvuke wa zebaki.

Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Mkataba huo unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo mkubwa kiasi cha kutia shaka ziwe na mpango wa taifa, na mpango huo lazima uwe na mkakati wa afya ya jamii unaojumuisha ukusanyaji wa takwimu za afya na mafunzo kwa watumishi wa afya. Takwimu za aina hiyo haziwezi kupatikana bila vipimo. Kipimo kinachoaminika, yaani ufyonzaji wa nuru wa atomi kwa mvuke baridi, huhitaji mashine ya gharama, kemikali safi na mtaalamu aliyefunzwa. Kwa zahanati ya Nyarugusu au ya Kakola, mashine hiyo iko mbali. Hapo ndipo swali la vichunguzi vya fluoresensi linapopata uzito wake.

2.0 Safari ya zebaki kutoka mwaloni hadi kwenye mkojo

Mtafiti anayetaka kubuni kichunguzi lazima kwanza ajue anatafuta nini, kwani neno "zebaki" hubeba maumbo matatu yenye tabia tofauti. Umbo la kwanza ni zebaki ya asili, ile metali kimiminika pamoja na mvuke wake. La pili ni ioni za zebaki zenye chaji mbili chanya. La tatu ni zebaki ya kikaboni, hasa methilizebaki, ambayo hutengenezwa na bakteria katika matope ya mito na maziwa, kisha hujilimbikiza katika samaki.

Zebaki kimiminika ikimezwa hufyonzwa kwa kiasi kidogo mno. Mvuke ni jambo jingine: takribani asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini. Kwa kuwa atomi zake hazina chaji, hupita kwa urahisi kwenye kuta za mapafu, hufika kwenye ubongo na huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Ndani ya chembe nyekundu za damu na katika tishu nyingine, kimeng'enya cha katalasi huigeuza kuwa ioni. Ioni hizo hazivuki tena kuta za seli kwa urahisi, hivyo zile zilizoundwa ndani ya ubongo hunaswa humo. Nyingine hukusanyika katika figo na kutolewa polepole kupitia mkojo, nusu ya mzigo ikichukua takribani miezi miwili kuondoka.

Maelezo haya yana matokeo ya moja kwa moja kwa upimaji. Kwa mchomaji wa amalgamu, sampuli inayofaa ni mkojo, kwa sababu ndimo zinamotoka ioni zilizotokana na mvuke. Kwa mkazi wa kando ya ziwa anayekula samaki mara kwa mara, sampuli inayofaa ni nywele au damu, kwa sababu methilizebaki haitoki kwa wingi kupitia mkojo. Kichunguzi kinachotambua ioni za zebaki katika mkojo kinaweza kumhudumia wa kwanza, lakini kikitumiwa kwa wa pili kitampa jibu la faraja lisilo na msingi.

3.0 Fluoresensi na kazi ya kichunguzi

Fluoresensi ni tabia ya baadhi ya molekuli kufyonza nuru ya rangi moja na kutoa nuru ya rangi nyingine yenye nishati ndogo zaidi. Jina hilo lilibuniwa na mwanafizikia George Gabriel Stokes mwaka 1852, kutokana na madini ya fluorspar. Molekuli ikifyonza nuru, elektroni yake hupanda ngazi ya nishati. Sehemu ya nishati hupotea kama joto, kisha elektroni hurudi chini ikitoa nuru. Tofauti kati ya rangi iliyoingia na iliyotoka ndiyo humwezesha mpimaji kuchuja nuru ya taa na kubakiza nuru ya molekuli peke yake.

Kichunguzi cha fluoresensi ni molekuli au mfumo wa molekuli ambao mng'ao wake hubadilika unapokutana na kitu mahususi. Mabadiliko hayo ni ya namna tatu. Kichunguzi kinachozimika hupoteza mng'ao kadiri zebaki inavyoongezeka. Zebaki, ikiwa atomi nzito, ina uwezo mkubwa wa kuzima molekuli zinazong'aa. Kichunguzi kinachowaka huanza kikiwa giza na kung'aa kinapoipata zebaki. Kichunguzi cha uwiano hutoa rangi mbili, na kinachosomwa ni uwiano wa rangi hizo.

Mfano unaojulikana sana wa kichunguzi kinachowaka hutokana na rangi za kundi la rodamini. Rodamini ikifungwa katika umbo la pete maalumu haina rangi wala mng'ao. Kemia ya kichunguzi hutumia mvuto mkubwa uliopo kati ya zebaki na salfa: salfa huwekwa kwenye pete, zebaki huivuta, pete hufunguka, na rodamini huwaka. Mmenyuko wa namna hii mara nyingi haurudi nyuma, hivyo kichunguzi hutumika mara moja tu kwa kila sampuli.

Teknolojia hii si ngeni katika huduma za afya za ukanda huu. Vumbi la silika linalotoka kwenye maduara na makarasha huumiza mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu, ugonjwa unaowaandama wachimbaji kote duniani. Upimaji wa ugonjwa huo umekwisha kunufaika na fluoresensi kwa njia mbili. Kwanza, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2011 hadubini za fluoresensi zenye taa za LED, ambazo huonyesha bakteria waliopakwa rangi ya auramini waking'aa kwenye usuli mweusi. Pili, kipimo cha GeneXpert, kilichoidhinishwa na shirika hilo Desemba 2010 na ambacho hutumika katika hospitali nyingi nchini, hutegemea vichunguzi vya DNA vilivyokunjwa kama kibanio cha nywele. Upande mmoja wa kibanio una molekuli inayong'aa na upande wa pili una molekuli inayozima. Kibanio kikikutana na jeni ya bakteria hufunguka, pande mbili huachana, na nuru huonekana. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotumika katika vichunguzi kadhaa vya nanotyubu.

4.0 Nanotyubu za kaboni kama jukwaa la kichunguzi

Nanotyubu ya kaboni inaweza kufikiriwa kama karatasi ya atomi za kaboni zilizopangwa kwa umbo la sega la nyuki, kisha ikakunjwa kuwa mrija. Mwaka 1991 mtafiti wa Kijapani Sumio Iijima alichapisha maelezo ya mirija yenye kuta nyingi, na mwaka 1993 zikaelezwa nanotyubu zenye ukuta mmoja. Kipenyo cha nanotyubu yenye ukuta mmoja huwa karibu nanomita 1, wakati urefu wake unaweza kuzidi kipenyo kwa mamia au maelfu ya mara.

Namna karatasi ilivyokunjwa ndiyo huamua tabia ya mrija. Baadhi ya nanotyubu hupitisha umeme kama metali. Nyingine, zilizo nyingi zaidi, huwa semikonda. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba nanotyubu za semikonda hung'aa katika eneo la infraredi ya karibu, mradi tu kila moja itenganishwe na wenzake. Zikishikana katika mafungu, zile za metali huzima mng'ao wa nyingine. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya maandalizi ni kuzitawanya majini kwa mawimbi ya sauti ya kasi kubwa, zikiwa zimevishwa sabuni au nyuzi za DNA ili zisishikane tena.

Mng'ao wa infraredi ya karibu una manufaa mawili. Damu, mkojo na tishu zina molekuli zao zenyewe zinazong'aa katika rangi zinazoonekana kwa macho, na mng'ao huo huficha ishara ya kichunguzi. Katika infraredi ya karibu kelele hiyo hupungua sana. Aidha, nanotyubu hazichuji upesi zinapomulikwa kwa muda mrefu, tofauti na rangi nyingi za kikaboni.

Zebaki hutambuliwa kupitia vazi la nanotyubu. DNA ina besi nne, na mojawapo, thimini, ina tabia ya kuishika ioni ya zebaki kati ya thimini mbili zinazotazamana, kana kwamba zebaki ni kifungo kati ya matundu mawili. Uzi wa DNA wenye thimini nyingi ukiwekwa mbele ya zebaki hubadili umbo lake. Mifumo miwili imejengwa juu ya jambo hili.

Katika mfumo wa kwanza, nanotyubu yenyewe ndiyo inayong'aa. DNA iliyoizunguka ikibadili umbo, mazingira ya umeme kandokando ya mrija hubadilika na rangi ya mng'ao husogea kidogo. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walionyesha kwamba ioni za metali zenye chaji mbili, zebaki ikiongoza kwa athari, zinaweza kutambuliwa kwa njia hii hata ndani ya damu na seli hai. Kwa kuwa kinachosomwa ni rangi na si wingi wa nuru, kufifia kwa taa au uchafu kidogo kwenye kioo hakupotoshi jibu kwa urahisi.

Katika mfumo wa pili, nanotyubu hufanya kazi ya kuzima. Uzi wa DNA wenye molekuli ya rangi kwenye ncha yake hulala juu ya nanotyubu, na rangi hiyo huzimwa. Zebaki ikifika, DNA hujikunja kwa kuzishikanisha thimini, hupoteza mshiko wake kwenye mrija na kuachana nao. Rangi huwaka. Mfumo huu husomwa kwa nuru inayoonekana, hivyo hauhitaji kamera ya infraredi.

Tofauti hiyo ya mwisho ina uzito wa kifedha. Vitambuzi vya silikoni, vinavyopatikana katika kamera za kawaida, hupoteza uwezo wa kuona nuru ya zaidi ya takribani nanomita 1,100. Nanotyubu nyingi hung'aa zaidi ya hapo, na huhitaji vitambuzi vya indiamu, galiamu na aseniki ambavyo bei yake ni kubwa mno kwa zahanati. Aina chache zenye kipenyo chembamba hung'aa karibu na nanomita 1,000, mahali ambapo silikoni bado inaona kwa shida. Mfumo wa kwanza una ubora wa kisayansi. Mfumo wa pili una nafasi kubwa zaidi ya kufika Nyarugusu.

Ikumbukwe pia kwamba nanotyubu si za kaboni peke yake. Haloisiti ni udongo wa jamii ya kaolini ambao kwa asili hujikunja kuwa mirija yenye kipenyo cha nje cha makumi ya nanomita. Hauzimi rangi kama kaboni inavyozima, lakini hubeba molekuli za kichunguzi ndani ya mrija na kuzilinda, tena kwa gharama ndogo.

5.0 Hesabu ya kizingiti

Tume ya Ujerumani ya upimaji wa sumu mwilini imeweka viwango viwili vya zebaki katika mkojo ambavyo vimetumika sana katika tafiti za wachimbaji wadogo. Chini ya mikrogramu 7 kwa lita, hakuna hatua inayohitajika. Juu ya mikrogramu 25 kwa lita, kuna hatari ya madhara na hatua ni ya lazima. Kati ya viwango hivyo viwili mtu hufuatiliwa.

Tafiti za kemia kwa kawaida hutoa majibu kwa mola na si kwa mikrogramu, jambo ambalo huficha kasoro. Kwa kuwa mola moja ya zebaki ina uzito wa gramu 200.6, mikrogramu 25 kwa lita ni sawa na nanomola 125 kwa lita, na mikrogramu 7 ni sawa na nanomola 35. Kichunguzi kinachodaiwa kutambua zebaki kuanzia mikromola 1 kwa lita huanza kuona kwenye mikrogramu 200 kwa lita, yaani mara nane ya kizingiti cha hatari. Kichunguzi hicho kinaweza kuwa kazi nzuri ya kemia, lakini kwa daktari hakina kazi.

Mfano wa kinadharia unaweza kufafanua zaidi. Kwa kichunguzi kinachozimika, uwiano wa mng'ao wa awali na mng'ao wa baadaye ni moja jumlisha zao la kigezo cha kuzima na mkolezo wa zebaki. Ikiwa kigezo hicho ni milioni moja kwa mola kwa lita, kigezo ambacho ni kikubwa, basi nanomola 125 huleta uwiano wa 1.125: mng'ao hushuka kwa takribani asilimia 11. Nanomola 35 huleta mshuko wa takribani asilimia 3 tu. Ikiwa kifaa cha uwanjani kina mtawanyiko wa asilimia 3 katika vipimo vya sampuli tupu, na kikomo cha utambuzi kikahesabiwa kwa kawaida ya mara tatu ya mtawanyiko, kikomo hicho kitakuwa karibu nanomola 90 hadi 100. Kifaa hicho kitamtambua aliyezidi kizingiti cha juu kwa shida, na hakitamwona kabisa anayehitaji kufuatiliwa.

Joto huongeza tatizo. Mng'ao wa rodamini B hupungua kwa takribani asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka. Tofauti ya nyuzi 6 kati ya asubuhi na mchana inatosha kuiga athari ya nanomola 125 za zebaki. Kipimo kinachotegemea kuzimika kwa mng'ao, kisicho na udhibiti wa joto, kinaweza kuwatangaza watu wote wa mchana kuwa wagonjwa. Ndiyo sababu vichunguzi vinavyowaka na vya uwiano vinastahili kupewa kipaumbele.

6.0 Vikwazo vya sampuli za Geita na Shinyanga

Kikwazo cha kwanza ni kwamba zebaki iliyo katika mkojo haielei peke yake. Imeshikwa na protini na molekuli nyingine zenye salfa, na mshiko huo ni miongoni mwa iliyo imara kuliko yote katika kemia ya metali. Kichunguzi kinachotumia thimini au salfa hushindana na washikaji hao na mara nyingi hushindwa. Katika maji safi kitaiona zebaki yote. Katika mkojo kitaona sehemu ndogo. Bila hatua ya kuvunja vifungo hivyo kwa asidi na kioksidishaji, kisha kurekebisha uasidi, jibu litakuwa la chini kuliko ukweli.

Kikwazo cha pili ni metali nyingine. Shaba huzima molekuli nyingi zinazong'aa, na chuma hufanya vivyo hivyo. Mbale za Bulyanhulu zina shaba pamoja na dhahabu, na udongo mwekundu wa maeneo mengi una chuma kingi. Kichunguzi kikitumika kupima maji ya mwaloni, metali hizo zinaweza kusomwa kama zebaki. Jaribio la umahususi lazima liwe na metali hizo kwa mikolezo inayopatikana katika eneo husika, si kwa mikolezo iliyochaguliwa kwa urahisi wa mtafiti.

Kikwazo cha tatu ni sianidi. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki, hupelekwa mara nyingi kwenye plenti za sianidi ili kupata dhahabu iliyobaki. Sianidi huishika zebaki kwa nguvu na kuificha machoni pa kichunguzi. Maji yenye vyote viwili yanaweza kutoa jibu la "hakuna zebaki" ilhali yana sumu mbili kwa pamoja.

Kikwazo cha nne ni uchukuaji wa sampuli. Mkojo uliochukuliwa mwaloni, kwa mikono iliyotoka kushika amalgamu, hupima mikono badala ya figo. Sampuli inapaswa kuchukuliwa mbali na eneo la kazi, baada ya kunawa, ikiwezekana mkojo wa kwanza wa asubuhi, na mkolezo wake ulinganishwe na kreatinini ili mtu aliyekunywa maji mengi asionekane salama kwa sababu hiyo pekee. Zebaki pia hunata kwenye kuta za chombo isipohifadhiwa kwa asidi.

Kikwazo cha tano ni tafsiri. Krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki huongeza zebaki katika mkojo hata kwa mtu ambaye hajawahi kufika mgodini. Kichunguzi hakijui chanzo. Dodoso zuri ni sehemu ya kipimo kama ilivyo taa na kioo.

7.0 Usalama na maadili

Nanotyubu zenyewe zinahitaji tahadhari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba nanotyubu ndefu na ngumu zenye kuta nyingi zilisababisha katika tumbo la panya uvimbe unaofanana na ule wa asbestosi. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka aina moja ya nanotyubu hizo katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Mapafu ya mchimbaji yamekwisha kubeba silika. Si haki kuyaongezea vumbi jingine kwa jina la uchunguzi. Kwa hiyo nanotyubu zitumike zikiwa zimetawanywa katika kimiminika au kufungwa imara kwenye ukanda wa kipimo, zisishughulikiwe zikiwa unga mkavu nje ya maabara, na mabaki yake yakusanywe. Kuziingiza mwilini mwa mtu si jambo la kufikiriwa katika hatua hii.

Maadili ya majibu ni mazito vilevile. Jibu chanya la uongo linaweza kumwondoa mtu kwenye kazi inayolisha familia yake. Jibu hasi la uongo ni baya zaidi, kwani mchomaji atalipokea kama ruhusa ya kuendelea, na mama mjamzito anayechomea amalgamu jikoni kwake atalipokea kama hakikisho kwa mtoto wake. Mpango wowote wa upimaji unapaswa kueleza mapema nani atapewa majibu, nani atamfuatilia mwenye kiwango cha juu, na ni kifaa gani cha kunasa mvuke atakachopewa ili aache kuuvuta. Kupima bila kuwa na la kufanya baada ya jibu ni kumwongezea mtu hofu.

8.0 Hitimisho

Vichunguzi vya fluoresensi vilivyojengwa juu ya nanotyubu vina uwezo halisi wa kusogeza upimaji wa zebaki karibu na mwalo. Hata hivyo, uwezo huo una masharti. Kichunguzi kiwe na kikomo cha utambuzi kilicho chini kabisa ya nanomola 35 kwa lita katika mkojo, si katika maji. Kiwe cha kuwaka au cha uwiano. Kijaribiwe mbele ya shaba, chuma, sianidi na protini. Kitanguliwe na hatua ya kuvunja vifungo vya zebaki. Na kilinganishwe, sampuli kwa sampuli, na kipimo cha mvuke baridi katika maabara ya rejea, kama ile ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kazi inayopendekezwa kwa kichunguzi hicho ni kuchuja: kuwabaini haraka wanaohitaji kipimo kamili, na kuzifanya mashine chache zilizopo ziwahudumie wanaozihitaji zaidi. Tafiti zijazo zinaweza kuanza na jambo dogo lakini la msingi, yaani kuongeza kiasi kinachojulikana cha zebaki katika mkojo wa watu wasiofanya kazi ya dhahabu na kuona ni sehemu gani ya kiasi hicho kichunguzi kinaweza kuirudisha. Kichunguzi kitakachoshindwa hapo hakina sababu ya kusafirishwa hadi Rwamagasa. Kitakachofaulu kitakuwa kimestahili kuwekwa mbele ya watu ambao hadi sasa huvuta mvuke usioonekana, bila chombo cha karibu cha kuwaambia ni kiasi gani kimekwisha kuingia.